Nani Ameonja Kahawa ya Ruiru?

Kuna video moja ambayo ni kama kila mtu akifika Ufaransa lazima aitengeneze. Anaendesha gari kwa barabara nyembamba katikati ya mizabibu, anaona kibao kinachosema hapa unaonja na unanunua, anaingia. Mwenye shamba anatoka kwa stoo na viatu vya matope. Anamimina mvinyo kidogo kidogo kwa glasi tatu nne, anaeleza hii ni ya mwaka gani, imetoka upande gani wa mlima, mvua ilinyesha lini. Mgeni anaonja, anatema, anauliza bei, anaondoka na katoni kwa buti ya gari. Hakuna broka hapo. Pesa inatoka kwa mkono wa mnywaji inaingia kwa mkono wa mkulima.

Sasa tuongee ukweli. Wewe unaishi Thika, ama Juja, ama Ruiru. Umeona kahawa tangu ukiwa mtoto. Umewahi kusimama kwa geti ya shamba la kahawa, ukaonjeshwa, ukauliza bei, ukanunua pakiti? Wengi wetu hapana. Kahawa kwetu ni ile kijani unaona kwa dirisha la matatu. Ile iko kwa kabati ya nyumba ni ya unga, ya kopo, na mara nyingi hata si ya hapa.

Watu husema hiyo ni utamaduni tu. Eti Wafaransa walizaliwa na mvinyo na sisi tukazaliwa na chai. Mimi nasema hiyo ni stori ya kujituliza. Geti ya mkulima Mfaransa ilipiganiwa, na kuna watu walikufa. Geti yetu ilifungwa kwa sheria, na historia inaonyesha ni nani alikuwa anashika kufuli. Na sehemu ya kushangaza ni kwamba kahawa yetu yenyewe ililetwa na Wafaransa.

Sikumaliza chuo, kwa hivyo usitarajie lekcha. Lakini hii stori tunafaa kuijua, juu tunaishi ndani yake.

Ufaransa pia walikuwa na mabroka

Zamani, mkulima wa Bordeaux hakuuza chupa. Aliuza pipa. Mvinyo ukiwa bado mchanga, ulichukuliwa na wafanyabiashara wakubwa waliokuwa na maghala mjini Bordeaux, mtaa wa Chartrons, kando ya mto. Hao ndio walikuwa wanaonja, wanapanga bei, wanahifadhi mpaka ukomae, wanajaza chupa na kubandika lebo. Mkulima akishauza pipa, stori yake imeisha. Mfanyabiashara akichanganya na mvinyo wa bei rahisi kutoka kwingine, jina linaloharibika ni la shamba.

Soma hiyo paragrafu tena, lakini weka "kahawa" mahali pa "mvinyo" na "Nairobi" mahali pa "Bordeaux". Umeona?

Kusini, eneo la Languedoc, kulikuwa na wakulima wadogo wengi na bei mbaya. Mwaka 1901, wakulima wa kijiji kinaitwa Maraussan waliamua kuungana. Walianzisha ushirika wakauita Les Vignerons Libres, yaani Wakulima Huru wa Mizabibu. Badala ya kungojea broka, walitafuta vyama vya wafanyakazi wa Paris vilivyokuwa na maduka yao ya ushirika, wakawauzia mvinyo moja kwa moja. Hawa hawakuwa matajiri wenye majumba. Walikuwa watu wa vipande vidogo vya shamba, kama vile guka na cucu zetu wengi.

Lakini bei iliendelea kuanguka. Soko lilikuwa limejaa mvinyo, na mwingine ulikuwa feki, umetengenezwa kwa sukari na maji. Mwaka 1907 watu walichoka. Mkulima mmoja wa kijiji cha Argeliers, Marcelin Albert, ambaye pia alikuwa na mkahawa, alianza kuongoza maandamano. Yalianza na watu wachache kabisa. Tarehe 9 Juni 1907, mjini Montpellier, umati ulikadiriwa kuwa nusu milioni ama zaidi. Siku chache baadaye wanajeshi walifyatua risasi mjini Narbonne, na watu wakauawa.

Albert akaenda Paris kuongea na waziri mkuu, Clemenceau. Huyo mzee alikuwa mjanja. Alimpa Albert faranga 100 za nauli ya kurudi nyumbani, alafu akawaambia waandishi wa habari. Stori ikafika kijijini kabla ya Albert. Watu wake wakaona amenunuliwa, na jina lake likaisha hapo. Mkenya yeyote anaijua hii mchezo. Mwanasiasa anakupa pesa ya gari leo, kesho wewe ndio msaliti.

Lakini hawakurudi mikono mitupu. Mwezi huo huo wa Juni sheria ilipitishwa ya kupigana na mvinyo feki.

Alafu kuna 1924. Kijana wa miaka 22, Philippe de Rothschild, alikuwa anasimamia shamba la familia, Mouton, huko Bordeaux. Aliamua mavuno yote ya mwaka huo yatawekwa kwa chupa hapo hapo shambani, na lebo ya shamba. Wafanyabiashara wa mjini hawakuwa na haja ya kufurahia. Sitaki kukudanganya, huyu hakuwa hasla. Alitoka kwa ukoo wa mabenki, angeweza kukosa mapato na bado ale vizuri. Lakini alichoelewa ndicho nataka tushike: mwenye kujaza chupa ndiye ana jina, na mwenye jina ndiye ana bei. Mwaka 1935 serikali ya Ufaransa ikaweka mfumo wa kulinda majina ya maeneo, ili mtu asiuze mvinyo kwa jina la mahali ambapo haukutoka.

Kwa hivyo hicho kibao cha barabarani kina historia ndefu nyuma yake: ushirika, maandamano, risasi, sheria. Kuonja kwa geti ni haki ambayo mkulima alijipatia polepole.

Mapadri na mbegu zao

Sasa turudi huku kwetu, tukifuata Wafaransa hao hao.

Mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa, walikuwa Zanzibar kufikia miaka ya 1860, na mwaka 1868 wakafungua misheni Bagamoyo. Wakoloni na mapadri wa Kifaransa kwa hii bahari walikuwa na uhusiano wa karibu na kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Kuna aina ya kahawa inaitwa Bourbon mpaka leo, na imepewa jina la hicho kisiwa.

Mwaka 1899, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa kambi ya reli tu, mapadri hao walianzisha misheni ya St. Austin's, upande ambao leo tunauita Lavington. Wakapanda kahawa. Ilishika vizuri sana, na miche ikaanza kuenea kwa mashamba ya walowezi. Wataalamu wa kahawa bado wanaita hiyo mbegu "French Mission", na miti yake ya zamani bado inatajwa kwa mashamba ya Kenya.

Miaka ya 1930, maabara ya Scott huko Kabete ilichagua miti bora na kuipa namba. SL28 na SL34 zilitoka hapo, na SL ni kifupi cha Scott Laboratories. Leo mtu wa kuonja kahawa akiwa Tokyo ama Oslo akisikia SL28 anachangamka. Mtoto wa Gatundu ambaye familia yake ina hiyo miti hajawahi kuambiwa.

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Walowezi walikuwa tayari wanapima ardhi na kupanda kahawa. Elspeth Huxley alikuja akiwa mtoto mdogo, wazazi wake wakilima kahawa hapa, na mwaka 1959 akaandika *The Flame Trees of Thika*, kitabu kilichofanya jina la mji wetu lijulikane ng'ambo. Ni kitabu kizuri cha kusoma. Lakini waliochimba yale mashimo ya kupanda kahawa, kwa ardhi iliyokuwa imechukuliwa, wako pembeni mwa hiyo picha.

Mwaka 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa maagizo ya kuwashinikiza machifu wapeleke watu kufanya kazi kwa mashamba ya wazungu. Harry Thuku, kijana wa Kambui hapa Kiambu, alianza kupiga kelele kuhusu kipande, kodi, na wanawake na wasichana waliolazimishwa kufanya kazi mashambani. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama mbele akawaaibisha wanaume kwa woga wao. Polisi walifyatua risasi, na yeye ni mmoja wa waliouawa. Tunajifunza hii shuleni kama stori ya siasa. Ni stori ya kahawa pia.

Na sasa kufuli. Kwa miaka mingi ya ukoloni, Mwafrika hakuruhusiwa kulima kahawa. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi: eti atashindwa kudhibiti magonjwa, eti ataharibu ubora, eti wizi wa kahawa utaongezeka. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikuhitaji kuandikwa. Mtu akiwa na kahawa yake nyumbani, nani ataenda kuchuma yako kwa mshahara mdogo?

Miaka ya 1930 waliruhusu majaribio madogo Meru, Embu na Kisii, mbali na mashamba ya wazungu. Kiambu, ambapo watu wetu walikuwa wanaiona kahawa kila asubuhi, mlango haukufunguka vizuri mpaka miaka ya 1950. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio ulisukuma kahawa kwa wakulima wadogo kwa wingi, katikati ya hali ya hatari, watu wakiwa wamefungiwa kwa vijiji. Harry Thuku mwenyewe alikuja kuwa mkulima wa kahawa.

Kijiko kilibaki Nairobi

Kulima ikaruhusiwa. Lakini kuonja na kuuza ni mambo mengine.

Mfumo ulikuwa umeshajengwa. Bodi ya Kahawa ilianza mwaka 1933, na mnada wa Nairobi ukaanza miaka hiyo hiyo. Baada ya uhuru tulirithi hiyo mashine ikiwa nzima. Mkulima mdogo anachuma kahawa nyekundu, anapeleka kwa kiwanda cha ushirika, inapimwa. Inatolewa ganda, inalowekwa, inaoshwa, inaanikwa kwa meza za waya. Inapelekwa kwa kinu cha kukoboa, na Thika imekuwa mji wa vinu hivyo kwa muda mrefu. Alafu inaenda mnadani. Anayechuma kwa shamba kubwa analipwa kwa debe, na stori yake imeisha debe likishamwagwa.

Kabla ya mnada, sampuli zinaonjwa. Kahawa inakaangwa kidogo, inasagwa, inawekwa kwa vikombe vimepangwa msitari, inamwagiwa maji ya moto. Baada ya dakika kama nne mwonjaji anavunja ule utando wa juu na kijiko, ananusa, alafu anafyonza kwa kelele na kutema. Ni karibu sawa na ile ya mvinyo. Anaandika: hii ina uchachu wa matunda, hii ina harufu ya udongo. Hapo ndipo thamani inajulikana. Na kwa miaka yote hiyo, mtu aliyeilima hakuwa kwa hicho chumba.

Ngoja nikuonyeshe venye hii inauma. Umesikia Kenya AA? Watu wengi wanadhani ni alama ya utamu, kama A ya mtihani. AA ni saizi ya punje. Punje zinapitishwa kwa vichujio, kubwa zinaitwa AA, zinafuata AB, na kuna PB kwa zile za duara. Mbuni ni ile iliyokaushwa na ganda lake. AA mara nyingi inapata bei nzuri, lakini herufi pekee hazikuambii ladha. Ladha iko kwa kijiko, na mkulima hakupewa kijiko. Utabishana aje na bei ya kitu ambacho hujui kinaonja aje?

Mwaka 2006 "dirisha la pili" lilifunguka, yaani kahawa inaweza kuuzwa moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje bila kupita mnadani. Tuwe wa haki: mnada si shetani. Angalau bei inaonekana na wanunuzi wanashindana, na mkataba wa pembeni unaweza kuwa mbaya zaidi kama hujui thamani ya kitu chako. Lakini hata dirisha la pili linaangalia ng'ambo. Geti ya kwetu, ya mtu wa Ruiru kununua kahawa ya Ruiru, imebaki karibu vile ilivyokuwa.

Na ile stori ya chai?

Utaambiwa sisi si watu wa kahawa. Nenda Mombasa ama Lamu jioni uone wauza kahawa na madele yao ya shaba, makaa chini, vikombe vidogo, wazee wanapiga stori na kashata. Hiyo iko Kenya, na ni ya zamani kuliko shamba lolote la mlowezi. Majirani zetu Ethiopia wanakunywa karibu nusu ya kahawa wanayolima. Sisi tunakunywa sehemu ndogo sana, nyingine yote inapanda meli. Hatukuzaliwa hivi. Kwa vizazi viwili kahawa huku bara ilikuwa mali ya bwana, na kukutwa nayo mfukoni kulitosha kukufanya mshukiwa. Baadaye ikawa mali ya ushirika na bodi. Hata leo kahawa inahitaji kibali ili isafirishwe. Kitu kama hicho hukipeleki jikoni.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Inahitaji karibu kilo 7 za kahawa nyekundu kupata kilo moja ya punje safi, na ukikaanga inapungua tena. Kwa hivyo kilo moja ya nyekundu inatoa karibu vikombe 7. Tuseme mkulima analipwa shilingi 100 kwa hiyo kilo, na mkahawa wa Nairobi unauza kikombe kwa shilingi 300. Hiyo ni 2,100. Ndiyo, kuna kodi ya nyumba, maziwa, umeme, mshahara wa barista, na wote wanafaa kulipwa. Lakini ni 100 kwa 2,100. Mkulima wa Maraussan angeelewa hiyo hesabu haraka sana.

Saa inayoyoma

Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa karibu tani 130,000. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia yaliyokuwa yanalinda bei yalianguka, na bei ikaanguka nayo. Ongeza malipo ya kuchelewa, madeni na wizi kwa vyama vya ushirika, na utaelewa kwa nini watu waliacha miti ikauka. Miaka ya karibuni tumekuwa tukizunguka tani 40,000 hadi 50,000.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine: ardhi inalipa zaidi ikiwa ploti. Tatu City imesimama pale palipokuwa shamba la kahawa. Ukipanda matatu kutoka tao utasikia makanga akiita Kahawa West, Kahawa Wendani, Kahawa Sukari. Jina limebaki, miti imeenda. Silaumu mtu aliyeuza. Kama kahawa imekulipa vibaya kwa miaka 30 na mtu anakuja na pesa ya ploti, hiyo si hesabu ngumu.

Lakini fikiria hii. Mjini Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa Ruiru 11 mwaka 1985, baada ya ugonjwa wa matunda kufagia mashamba miaka ya 1960, na Batian mwaka 2010. Jina la mji wetu liko kwa pakiti za kahawa duniani. Nashuku kizazi chetu kitakuwa cha mwisho kuona hiyo miti hapa, na kitakuwa kimeimaliza bila kuionja.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinahitaji mtaji.

Kwanza, ukiingia mkahawa uliza kahawa imetoka kiwanda gani. Si nchi gani, kiwanda gani. Wakikosa jibu mara kumi, watatafuta.

Pili, kuna mashamba machache Kiambu ambayo yameanza kupokea wageni na kuwaonjesha, kama Fairview Estate. Wengi wanaoenda ni watalii. Changa na marafiki muende, na muulize maswali ya bei kama wale Wafaransa.

Tatu, na hii ndio muhimu. Kama guka ama cucu yako bado ana miti, msimu mkuu ni Oktoba mpaka Desemba. Mwombe kilo mbili tu zilizoiva vizuri. Anika kwa jua wiki tatu hivi, ukigeuza kila siku, mpaka zikauke kabisa. Twanga kwa kinu utoe maganda. Kaanga kwa sufuria bila mafuta, ukikoroga bila kuacha, mpaka zigeuke kahawia na zianze kulia. Ngoja kesho yake, saga, mimina maji ya moto, hesabu dakika nne.

Kikombe cha kwanza mpe mwenye shamba. Muulize inaonja aje, alafu andika atakachosema.